Uzi haujakatika, ila umekufa

Jumamosi moja mwezi wa tatu, asubuhi kabla jua halijawa kali, nilikuwa nimekaa kwenye benchi pembeni ya kiwanja cha tenisi nasubiri zamu yangu. Mbele yangu kuna dogo wa miaka 12 anapiga servu peke yake, ndoo ya mipira pembeni. Anapiga tatu, nne, halafu anahamishia raketi mkono wa kushoto, ule wa kulia anauning'iniza na kuukung'uta kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo. Anapiga tena mbili. Anaukung'uta tena.

Raketi ile nilisuka mimi.

Nikamwita. "Vipi mkono?" Akanijibu "kawaida tu anko," macho chini. Nikamwambia hebu nipe hiyo raketi. Nikausukuma uzi mmoja wa wima kwa kidole gumba, ukasogea pembeni, ukabaki hukohuko. Haukurudi. Nikajaribu wa pili, vilevile.

Nyuzi zote zilikuwa nzima, hakuna hata mmoja uliokatika, na zilikuwa na miezi mitano.

Hii ni wiki ya sita tangu siku hiyo na bado naota ule uzi uliogoma kurudi, kwa hiyo nimeona bora niandike.

## "Weka ile isiyokatika"

Mama yake alikuja mwezi wa kumi. Alikuwa amechoka na nilimuelewa kabisa. Dogo alikuwa amekata nailoni mbili ndani ya wiki saba, na kila ikikatika ni hela ya uzi, hela ya fundi, halafu siku mbili tatu mtoto yuko nyumbani hachezi kwa sababu wengi wetu hapa mtoto ana raketi moja tu. Akaniambia, "Kaka yangu, we weka ile isiyokatika." Dogo akadakia nyuma yake, "Ile ya Nadal!" Rafael Nadal, yule bingwa wa tenisi wa Uhispania.

Sasa mimi nilikuwa na reli mpya (roli la uzi) ya poli, yaani polyester, mita 200, jamaa yangu kaniletea kutoka Dubai, na niseme ukweli niliipenda sana ile reli. Raketi moja inakula mita 11 mpaka 12, kwa hiyo kwa reli moja natoa raketi 16 mpaka 18, tofauti na kununua pakiti mojamoja. Nyeusi, ina kona kona, ukiipitisha vidoleni unazisikia. Nikaona kabisa nampa mtoto kitu kizuri. Nikakaza kilo 25, yaani nguvu ya kuvuta kila uzi, kwa nini 25, kwa sababu wapenzi wa Nadal wote tunajua alikuwa anakaza pauni 55 ambazo ndo kilo 25 hizo, na kwenye fremu ya dogo imeandikwa 23 mpaka 27 basi nikaona tuko katikati, hatujakosea.

Sikumtazama akipiga hata fohendi moja.

Sikuuliza anacheza siku ngapi kwa wiki. Sikumuuliza mama kama mtoto amewahi kulalamika kiwiko. Niliuliza rangi.

## Uzi wenyewe ulivyo

Kwa wanaocheza hili mnalijua, nitapita haraka. Poli ni uzi mmoja mzima, ukiukata ukautazama kwa ncha unafanana na mshipi wa kuvulia, hauna nyuzinyuzi ndani kama zile nyuzi laini zilizosokotwa. Ni mgumu na unateleza. Mpira unakaa kwenye nyuzi kama milisekunde 5 tu, na ndani ya hizo milisekunde 5 nyuzi za wima zinasukumwa pembeni halafu zinachomoka kurudi mahali pake, na huko kurudi ndo kunauongezea mpira kuzunguka. Mpira unapanda juu ya neti, unadondoka ghafla, unaruka juu mabegani mwa mpinzani. Utumbo wa mnyama, ambao kampuni ya Babolat ya Lyon, Ufaransa, ilianza kutengenezea nyuzi za raketi tangu 1875, ni mtamu mkononi kuliko kitu chochote lakini nyuzi zake zinashikana zaidi, hazitelezi kihivyo, na unyevunyevu wa hapa Dar kipindi cha masika unauchosha upesi sana.

Kinachonivutia ni kwamba huu mchezo wa nyuzi kuteleza ulishawahi kupigwa marufuku. Mwaka 1977 kulikuwa na raketi za ajabu, watu waliziita raketi za spageti, nyuzi za wima zilikuwa hazijafumwa na za mlalo, zinatembea zenyewe. Guillermo Vilas wa Argentina alikuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo, akakutana na Ilie Năstase wa Romania mwenye raketi ya namna hiyo kule Aix-en-Provence Ufaransa, Vilas akaona haiwezekani, akaacha mechi. Mwaka uliofuata shirikisho la kimataifa la tenisi likaandika kanuni kwamba nyuzi lazima zifumwe, moja juu moja chini. Halafu ikaja poli, imefumwa vizuri kabisa kama kanuni inavyotaka, na bado inateleza. Gustavo Kuerten wa Brazil akaingia Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, 1997 akiwa namba 66 duniani, raketi yake ina nyuzi za Luxilon za Ubelgiji, akawatoa Muster na Kafelnikov, fainali akampiga Bruguera, wote watatu walishawahi kubeba kombe hilohilo. Baada ya pale dunia ikahama.

Na sisi tukahama nayo.

Ila hapa ndo pananisumbua. Wenzetu walihamia kwa ajili ya ule mzunguko. Sisi, nazungumzia viwanja ninavyovijua mimi, wengi tulihamia kwa sababu haikatiki. Mchezaji wa juu anaingia uwanjani na raketi sita saba zimesukwa jana au leo asubuhi, na wengi wanabadilisha raketi mipira mipya inapoingia, yaani baada ya gemu 7 za mwanzo na kila gemu 9 baada ya hapo. Poli yake inaishi chini ya saa moja ya mchezo. Tunaiona kwenye televisheni ikiwa hai muda wote, tunadhani ndo tabia yake, kumbe hatujawahi kuoneshwa poli ya miezi mitano.

## Mkono wa mashine unavyoshuka

Nataka niwaeleze kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku na sikukielewa.

Mashine yangu ni ile ya uzito, haitumii umeme (kwa kukatika kwa umeme kwetu nashukuru sana). Ina mkono wa chuma na jiwe, unafunga uzi, unaachia mkono, unashuka mpaka ulale sawa na meza. Ukilala sawa umepata kilo zako. Nailoni ukiifunga mkono unashuka unatulia. Poli haitulii. Mkono unafika usawa, unakaa kidogo, halafu polepole unaendelea kushuka, nywele moja, nywele mbili, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Uzi unanyooka mbele ya macho yako na haurudi ulikotoka.

Niliambiwa na aliyenifundisha, usikimbilie kuubana, hesabu mpaka kumi ndo ubane na klempu. Na huwa nahesabu. Naanza katikati na nyuzi za wima, kulia mbili kushoto mbili, sizidishi upande mmoja maana fremu inajikunja, halafu za mlalo kuanzia kichwani kushuka mpaka kooni, kule karibu na mpini. Poli ncha yake naikata mshazari iwe kali ipite kwenye matundu, na hiyo ncha imenichoma vidole mpaka vidole vimezoea. Ukiivuta ya mlalo haraka inasugua ya wima na kuikwaruza kabla hata mtu hajacheza, kwa hiyo unaivuta kwa kuizungusha kama upinde, taratibu, huku kidole kinaitangulia. Kila uzi wa mlalo naunyoosha kabla ya kuvuta, nikivuta ukiwa umepinda sehemu ya kilo inaishia kwenye msuguano na haifiki upande wa pili. Fundo naliminya kwa mkono na koleo, kamwe si kwa mashine.

Yote hayo nilimfanyia yule dogo kwa usahihi. Ile kazi ilikuwa safi, nimeirudia kichwani uzi kwa uzi na sioni nilipokosea mikono.

Ila mkono wa mashine ulikuwa unanionesha. Uzi unaoendelea kunyooka ukiwa umetulia mezani, ukiupeleka nje ukapigwa mara elfu, ukaachwa kwenye buti ya gari juani pale nje, utaacha kunyooka? Hautaacha. Unashuka hukohuko ndani ya raketi na hakuna anayeuona.

## Kilo 17

Siku ileile ya Jumamosi nilimuomba dogo aniachie raketi. Nyumbani kabla sijaikata nikachukua simu, kuna programu inasikiliza mlio wa nyuzi ukizigonga na kukadiria kilo. Si kipimo cha maabara lakini ukiwa umeizoea inakupa picha. Nilikaza 25. Ikasoma 17 na kitu.

Nikazikata kuanzia katikati kwenda nje, wima na mlalo kwa zamu, kama inavyotakiwa fremu isitikisike. Nikachukua kipande cha wima nikakiweka chini ya taa. Kila mahali ulipokutana na wa mlalo kuna kidonda, mfereji kabisa, ukipitisha ukucha unakwama. Vidonda 19 kwa uzi mmoja. Viwanja vyetu vya udongo, lile vumbi jekundu linaingia kwenye makutano na kusaga kama msasa. Ndo maana nyuzi hazikurudi nilipozisukuma, kila uzi ulikuwa umeshakaa kwenye shimo lake.

Halafu nikaanza kujibishana na nafsi yangu, na hapa ndo zimeishia wiki kadhaa.

Kwa sababu uzi uliolegea ni laini zaidi, si ndo tunavyosema? Mtu akiumwa mkono tunamwambia shusha kilo. Sasa huyu ameshuka karibu kilo nane bila kuomba, mbona mkono unauma? Nilitaka sana jibu liwe "basi si nyuzi." Na sababu nyingine zilikuwepo. Dogo aliongeza mazoezi kutoka siku tatu mpaka siku tano tangu mwezi wa kwanza. Mipira ya mazoezi imeisha manyoya. Bakihendi yake anachelewa, anaupiga mpira ukiwa umeshampita. Mama yake alimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, akaambiwa ni mchanganyiko wa mambo, apumzike wiki tatu.

Mchanganyiko. Lile neno nililipokea kwa furaha ambayo sasa inaniumiza nikiikumbuka.

Kilichonigeuza ni video. Kocha wake alinirushia vipande viwili, kimoja cha mwezi wa kumi na moja na kimoja cha mwezi wa pili. Cha kwanza dogo anapiga kwa ulaini, mpira unapanda unashuka ndani. Cha pili mpira ni uleule, kiwanja kilekile, lakini mpira unatoka nje, nje, nje, na anachofanya mtoto ni kile ambacho kila mtu angefanya, anabana. Anaikamata raketi kama nyundo, anakunja kiwiko, anausaga mpira kwa nguvu ili ushuke. Uzi hautelezi tena kwa hiyo ule mzunguko anautafuta kwa mkono wake mwenyewe. Na uzi mgumu kama ule, ukiukamata kwa nguvu, kila mtetemo unaishia kwenye kiwiko.

Nilimpa kitu kilichomfundisha kupiga kwa namna moja, halafu kile kitu kikafa kimyakimya kikamuacha yeye anafidia.

Nailoni ingekatika. Pah, katikati ya mchezo, mama angenuna, ningeitoa ningeweka mpya. Ingetuambia.

## Teremka tukaze

Baada ya hapo nikaanza kusukuma nyuzi za kila mtu kwa kidole gumba. Kuna mzee wetu mmoja, mcheza wa miaka mingi, anavaa ule mkanda wa chini ya kiwiko kila siku, nilidhani ni mazoea tu ya wazee. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi wangu."

"Mzee, naomba nikubadilishie nyuzi. Hizi zimekufa."

Akaigeuza raketi, akaitazama mbele na nyuma. "Zimekufa vipi na zote zipo? Hii uliniwekea wewe kabla ya Ramadhani ya mwaka jana, na haijakatika hata mmoja. Hii ndo nyuzi nzuri kuliko zote ulizowahi kunipa."

Sikujua nianzie wapi. Nikazungumza habari za kilo na msuguano, naona kabisa hazimuingii. Halafu nikakumbuka bibi yangu Tanga, kitanda chake cha kamba.

"Mzee, vile vitanda vya teremka tukaze umewahi kuvilalia?"

Akacheka. "Nimezaliwa juu yake."

"Kamba zake zilikuwa zinakatika?"

Akakaa kimya. "Hapana. Zinabonyea. Mnalala wawili mnakutana katikati."

"Na mgongo je?"

Hakunijibu. Alikuwa anausukuma uzi kwa kidole gumba, unakwenda, haurudi. Akausukuma mwingine. Kisha akaniuliza swali ambalo ndo lilikuwa lenyewe, "Sasa si unikazie tu, kama kile kitanda?"

Ndo hapo. Kamba ya ukindu unashuka, unakaza, unapanda, unalala. Poli haikazwi mara ya pili. Kilichonyooka kimenyooka, vidonda vipo palepale, unakata unatupa. Nikampa raketi yangu ya akiba yenye nailoni ya kilo 22, nikamwambia mzee cheza nayo seti moja tu. Alicheza mbili. Aliporudi hakusema neno juu ya nyuzi, aliiacha raketi yake mezani kwangu na funguo za gari akachukua.

## Swali la hela

Siwezi kuandika haya yote nikajifanya sioni pesa. Ushauri wa kawaida unaosikia ni kwamba poli ibadilishwe baada ya saa 10 mpaka 20 za kucheza. Mtoto wa siku tano kwa wiki, saa mbili mbili, hiyo ni wiki moja mpaka mbili. Nani hapa anaweza? Kwa hiyo kumwambia mzazi "poli ni nzuri ila ubadilishe kila wiki mbili" naona ni sawa na kumwambia asicheze, na kumwekea poli nikanyamaza nimeshaona matokeo yake.

Nilichofikia, na bado nakipima, ni hiki. Mtoto ambaye hajakomaa mkono simuwekei poli nzima tena, hata akilia. Naweka nailoni nene, milimita 1.30 au 1.35, kilo 21 au 22, na mzazi namwambia mapema kabisa itakatika, tena nampunguzia hela ya kazi akirudi ndani ya miezi miwili. Anayekata sana na anayepiga kwa kasi kweli, namuwekea mchanganyiko, poli kwenye wima kwa sababu ndo zinazotembea, nailoni kwenye mlalo, kilo 22. Ile poli inaisaga nailoni, kwa hiyo nailoni itakatika kabla poli haijaoza. Zamani niliiona hiyo kama kasoro ya mchanganyiko. Sasa hivi ndo sababu yangu ya kuuweka.

Na kwenye koo la kila raketi, kwa ndani, nabandika kipande cha plasta ya karatasi: tarehe, aina, kilo. Mwanzo watu walidhani ni bei.

Reli yangu ya Dubai imebaki na mita kama 90. Kuna vijana wawili pale wanapiga kweli, wanastahili poli nzima na wanabadilisha, nadhani itaishia kwao.

## Wiki iliyopita

Dogo alipumzika zile wiki tatu, akaongeza ya nne kwa shingo upande. Nilimsukia nailoni nyeupe, kilo 21, hakuipenda rangi. Siku ya kwanza alirudi nikasimama nyuma ya uzio bila yeye kujua, nikahesabu servu 30. Hakuukung'uta mkono. Kwenye ya 31 au 32 aliugusa kiwiko, mara moja, sijui ilikuwa inamuwasha au vipi, na nimeshamwambia kocha wake amuangalie kwa karibu.

Alhamisi jioni simu ikaingia, ujumbe wa sauti kutoka simu ya mama yake, sauti ni ya dogo anahema, nyuma yake mipira inadunda.

"Anko shikamoo, umekatika. Wa katikati kabisa. Upo nyumbani?"

Nikamjibu nipo, njoo nao hivohivo, usizikate mwenyewe.